Moshi Baridi na Hatari Isiyoonekana



Juma hili tunaielekeza kalamu yetu Kisumu, mji ambako familia nyingi za pwani zina ndugu, wakwe na watoto walioko masomoni. Huko ndiko ilikotoka barua ya mama mmoja, na swali lake tumeliona kuwa ni la wengi.

Mama huyu anatueleza kwamba mwanawe wa miaka 13 ameona katika video za simu watu wakimimina maji yanayofuka moshi mweupe. Wanachovya ua ndani yake likavunjika kama kioo. Wanatia puto likanywea, kisha likitolewa linavimba tena lenyewe. Kijana amegundua kwamba jirani yao, anayezunguka na pikipiki akiwapandisha ng'ombe mimba kwa mrija, hubeba maji yayo hayo katika mtungi wake. Yeye na wenzake wamekubaliana kuchanga fedha, wamwombe jirani awauzie kiasi cha chupa moja ya chai, ili siku ya Idi wawafurahishe wadogo zao chumbani. Mama anauliza: je, mchezo huu ni haramu? Na kama si haramu, atamzuia kwa hoja gani, ikiwa kijana amekwisha kumjibu kwamba hiyo ni hewa tu, hewa hii hii tunayoipumua?

Kijana amesema nusu ya ukweli. Nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari, na ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Hewa iliyogeuka maji

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayoivuta, 78 ni naitrojeni na takriban 21 ni oksijeni. Oksijeni ndiyo inayotuweka hai. Naitrojeni huingia kifuani na kutoka bila ya kutunufaisha wala kutudhuru. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Lakini ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri hugeuka kuwa kimiminika, cheupe na safi kama maji ya kisima. Ili msomaji apate kipimo, jokofu la nyumbani la kugandisha nyama hufika kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, basi.

Wataalamu wawili wa Poland, Wróblewski na Olszewski, ndio waliofaulu kuipata katika hali hiyo mjini Kraków mwaka 1883. Miaka tisa baadaye, 1892, Mskochi James Dewar alibuni chupa yenye kuta mbili zisizo na hewa kati yake, ili kuhifadhi vimiminika vya baridi kali namna hii. Chupa ya chai tunayoitia kahawa usiku wa Ramadhani ni mjukuu wa chupa hiyo ya Dewar. Hapa pana jambo la kulizingatia: mtungi wa naitrojeni hauzibwi kamwe kwa kukazwa. Kizibo chake huwa kilegevu makusudi, ili hewa inayochemka ndani ipate njia ya kutoka. Chupa yetu ya chai imetengenezwa kwa kufungwa barabara. Mjukuu hawezi kuifanya kazi ya babu.

Akina mama wanaijua siri moja ya kimiminika hiki bila ya kujua kwamba wanaijua. Ukinyunyiza tone la maji juu ya chuma cha chapati kilichopata moto sana, tone halikauki papo hapo. Hukimbia huku na huko kama lulu, kwa sababu chini yake pametanda mvuke unaolibeba. Mjerumani Leidenfrost aliliandika jambo hilo mwaka 1756. Naitrojeni nayo, ikimwagwa sakafuni, hukimbia vivyo hivyo, kwani kwake sakafu ya kawaida ni kama chuma cha moto. Hii ndiyo sababu tone moja likigusa mkono na kuteleza huenda lisiunguze. Na hii ndiyo hila ya wale wanaojionyesha kwenye video. Mtoto huiona hila, lakini haoni mpaka wake.

Kazi yake ufuoni mwa ziwa

Hatupendi mtoto aambiwe kwamba kitu hiki ni kiini macho au ushetani. Ni neema yenye kazi, na kazi hiyo iko karibu nao sana.

Mbegu za fahali bora huhifadhiwa katika vijirija vyembamba vilivyozamishwa ndani ya naitrojeni, nazo huweza kukaa humo miaka mingi bila kufa. Nchini Kenya kazi hii ina historia ndefu: kituo cha serikali cha Lower Kabete, kinachojulikana leo kwa jina la KAGRC, kilianzishwa mwaka 1946. Mfugaji wa Nyando au Seme hana haja ya kununua na kulisha fahali wa maziwa. Anampigia simu mtaalamu, naye huja na mtungi nyuma ya pikipiki, anatoa kijirija kimoja, anakiyeyusha katika maji ya vuguvugu na kumpandisha ng'ombe. Mtungi ukikaukiwa na naitrojeni, mbegu zote zilizomo zinakufa, na pamoja nazo riziki ya mtaalamu na matumaini ya wafugaji wake. Kwa hivyo mtaalamu anayewauzia watoto chupa moja kwa mchezo anaipunguza amana za watu.

Kazi ya pili inahusu maradhi yanayotuhuzunisha sana katika kaunti za ziwa, nayo ni malaria. Watafiti wa taasisi ya KEMRI, pamoja na wenzao wa Marekani, waliijaribu katika Kaunti ya Siaya chanjo iitwayo PfSPZ. Hutengenezwa kwa vijidudu vya malaria vilivyotolewa ndani ya mbu na kudhoofishwa kwa miale, kisha hugandishwa na kuwekwa katika mvuke wa naitrojeni mpaka dakika za kuchanjwa. Watoto wachanga 336, wa miezi 5 hadi 12, walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Chanjo ilionekana kuwa salama, ila haikuwakinga watoto hao kwa kiasi kilichotarajiwa. Chanjo iliyoanza kutolewa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019 ni nyingine, RTS,S, nayo huwekwa katika jokofu la kawaida la zahanati. Tumelitaja hili ili kijana ajue kwamba anachokiona kwenye simu kama mazingaombwe, ufuoni mwa ziwa kimekwisha kutumika kutafuta dawa ya kuwaokoa watoto.

Mambo matatu yanayoua

La kwanza ni kuunguza. Baridi ya namna hii huunguza kama moto: ngozi hufa, hutoa malengelenge, na jicho likirushiwa huweza kupofuka. Tulisema kwamba tone likiteleza huenda lisidhuru. Hatari ni pale kimiminika kinapokosa njia ya kuteleza: kikinywewa na kitambaa, kikanaswa ndani ya kiatu, chini ya pete au kwenye kiganja kilichokunjwa. Leso, buibui na kanzu hunyonya na kukishikilia mwilini. Chuma kilichopozwa nacho hunata kwenye ngozi na kuichuna. Ikitokea ajali, sehemu iliyoungua iwekwe katika maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Isisuguliwe, isipakwe samli wala dawa ya meno, na nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe kwa nguvu. Kisha aliyeumia akimbizwe hospitali.

La pili ni kupasuka. Lita moja ya naitrojeni kimiminika ikichemka hutoa takriban lita 700 za hewa. Msomaji aipige hesabu: kijana akitia robo lita tu ndani ya chupa ya soda au ya chai na kukaza kifuniko, lita 175 za hewa zitatafuta pa kutokea, na pa kutokea hapapo. Chupa hupasuka kwa kishindo cha bomu, na vipande vyake huwapata walioizunguka, ambao siku ya Idi ni watoto wadogo waliosogea ili waone vizuri. Hata wakubwa huadhibiwa na kosa hili. Mwezi wa Januari 2006, katika chuo kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, kulikuwa na mtungi mkubwa ambao vali zake za kupumulia ziliondolewa, na mahali pake pakazibwa kwa chuma. Ulipasuka usiku wa manane, ukaruka na kutoboa dari. Kwa rahma ya Mwenyezi Mungu hapakuwa na mtu chumbani.

La tatu ndilo la siri zaidi, na ndilo lililotupa kichwa cha makala haya. Watu wote hutazama ule moshi mweupe. Moshi ule si naitrojeni hata kidogo. Ni unyevu wa hewa ya kawaida uliogandishwa na baridi, ukungu kama ule unaotanda juu ya ziwa alfajiri. Naitrojeni yenyewe haionekani. Inapochemka huisukuma kando oksijeni, na kwa kuwa ni baridi na nzito hutuama chini, walipoketi watoto. Moshi unaweza kutoweka na hatari ikabaki pale pale.

Tena mwili hauna kengele ya kumwonya mtu. Tunapozibwa pumzi, kinachotufanya tutaabike ni ile hewa chafu inayojikusanya kifuani, wala si upungufu wa oksijeni. Anayevuta naitrojeni anaendelea kuitoa hewa chafu kama kawaida, kwa hivyo hahisi kuzibwa. Hakohoi, hapigi kelele. Oksijeni ikishuka chini ya sehemu 10 katika 100, huweza kuzirai ghafla alipo, na asipotolewa upesi hufa.

Tuseme kweli bila ya kutia chumvi: chupa moja ya chai haitoshi kujaza chumba. Lakini chumba cha meta 3 kwa 2, chenye kimo cha meta mbili na nusu, kina lita 15,000 za hewa, na mtungi wa lita 20 ukimwagika humo hutoa lita 14,000 za naitrojeni. Kwa sababu hiyo mtungi haulazwi katika chumba wanamolala watu, wala haupakiwi ndani ya matatu iliyofungwa madirisha. Na mtoto anayeinamisha kichwa ndani ya ndoo inayofuka, huyo hahitaji mtungi mzima. Pumzi chache zinamtosha.

Msiba huu una tabia ya kuchukua watu kwa mfuatano. Wa kwanza huanguka, wa pili humkimbilia, wa tatu humfuata. Tunaijua habari hii kwa visima na mashimo ya vyoo, ambamo hewa mbaya huwaua ndugu wawili watatu kwa mara moja, kila mmoja akimwokoa mwenziwe. Tarehe 28 Januari 2021, katika kiwanda cha kuku mjini Gainesville, jimbo la Georgia, naitrojeni ilivuja na wafanyakazi sita wakafa. Baadhi yao walikuwa wameingia kuwatazama wenzao. Anayetaka kuokoa afungue milango na madirisha akiwa nje, aite msaada, wala asiingie mpaka hewa safi imeingia kwanza. Ni vigumu kumwambia mama asimkimbilie mwanawe. Lakini mama akianguka naye, nani atabaki kuwaita majirani?

Vitafunio vya moshi

Kuna mchezo mwingine unaohitaji kutajwa, kwa kuwa wazazi huweza kuununua kwa fedha zao. Miji mikubwa ya dunia inauza vitafunio na vinywaji vilivyotiwa naitrojeni ili mlaji atoe moshi puani na kinywani. Mwaka 2012 mjini Lancaster, Uingereza, msichana aliyekuwa akisherehekea kutimiza miaka 18 alikunywa kinywaji cha namna hiyo. Tumbo lake lilitoboka, na madaktari wakalazimika kuliondoa. Asije mtu akasema kwamba hayo ni malipo ya ulevi na kwamba sisi tumesalimika. Indonesia ni nchi ya Waislamu, na watoto wake walikuwa wakila vibanzi tu vilivyochovywa, vya kununua barabarani, wakaugua na wengine kulazwa, mpaka Wizara ya Afya ya nchi hiyo ikatoa onyo mwezi wa Januari 2023. Marekani nayo ilikuwa imewaonya walaji mwezi wa Agosti 2018.

Malai iliyogandishwa kwa naitrojeni ni jambo tofauti, ikiwa kimiminika chote kimekwisha kuchemka na kwisha kabla ya kuliwa. Kinachodhuru ni kile kilichobaki. Kikiingia tumboni, koo limejifunga nyuma yake, na yale tuliyoyaeleza kuhusu chupa ya soda hutokea ndani ya mtoto. Basi chakula kinachofuka moshi kisitiwe kinywani kingali kinafuka, na salama zaidi ni kutokinunua.

Jawabu letu

Sasa tumjibu mama yetu. Asili ya vitu vya dunia ni kuruhusiwa mpaka patokee sababu ya kuvikataza, na kuistaajabia kazi ya Mwenyezi Mungu katika baridi na joto ni jambo jema. Naitrojeni si haramu, na kijana kuitamani si kosa. Lakini sheria haimpi mtu ruhusa ya kujidhuru wala ya kumdhuru mwenziwe. Mchezo huu jinsi ulivyopangwa, katika chupa ya kufunga, ndani ya chumba, mbele ya watoto wadogo, bila ya mjuzi, umekusanya hatari zote tatu mahali pamoja. Huo haufai, na ni wajibu wa mzazi kuuzuia. Jirani naye aambiwe kwa heshima na mapema, kabla vijana hawajamfikia na fedha zao, kwamba asiwauzie wala asiwape bure.

Hata hivyo tunamsihi mama asiishie kwenye neno "hapana". Kijana aliyekatazwa bila kuelezwa atakwenda kuuliza kwingine, na simu inamjibu kila saa. Amsomee hesabu ya lita 700. Amwonyeshe tone la maji juu ya chuma cha chapati. Kisha amwendee mwalimu wa sayansi na kumwuliza kama shule inaweza kumwalika mtaalamu afanye maonyesho. Siku hiyo mzazi atazame mambo machache: pawe uwanjani au kwenye ukumbi ulio wazi pande zote, watoto wakae mbali, anayemimina avae miwani ya kukinga macho, glavu pana zinazovuka upesi na viatu vilivyofunika mguu, pasiwe na chupa yoyote ya kufungwa, na asiwepo mtu wa kuonja chochote. Yakikamilika hayo, kijana na alione ua likivunjika kama kioo, na amsifu Muumba.

Na kwa ajili ya Idi, hapa pana mchezo wa baridi unaofaa nyumbani. Mchukue kopo safi la bati lenye mfuniko, mtie kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, vijiko viwili vya sukari na iliki iliyotwangwa. Kopo liwekwe katikati ya ndoo, lizungushiwe vipande vya barafu vilivyochanganywa na chumvi ya mawe, chumvi ikiwa kiasi cha theluthi moja ya barafu. Chumvi hulazimisha barafu kuyeyuka, na katika kuyeyuka huko barafu hulinyang'anya kopo joto lake. Mchanganyiko hushuka chini sana ya sifuri, na ukitengenezwa kwa ustadi mkubwa huweza kukaribia nyuzi 21 chini yake. Vijana walizungushe kopo kwa zamu, wakilifungua mara kwa mara kukwangua maziwa yaliyoganda pembeni. Baada ya nusu saa hivi watapata malai. Barafu hiyo ya chumvi isishikwe mkononi kwa muda, kwani nayo huunguza ngozi, na isiingie kwenye maziwa.

Maziwa yakiendelea kuganda, wachukue chupa tupu, waisuuze kwa maji ya moto ya kiasi, wayamwage, kisha waivishe puto mdomoni na kuitumbukiza katika barafu iliyobaki. Puto litavutwa ndani ya chupa mbele ya macho yao, kwa sababu ile ile inayolinywesha puto la kwenye video: hewa ikipoa hujikunja. Kijana atakuwa amewafurahisha wadogo zake kwa jambo alilolielewa na anayeweza kulieleza, na mlango wa chumba ukiwa wazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wa Kisumu, wa pwani na wa kila mahali, awape elimu yenye manufaa, na awape wazazi wao subira ya kujibu maswali yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.